Mpangaji wa Chumba cha Nyuma

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo tangu zamani halina adabu. Barua yako ya tarehe 11 Februari imenifikia tarehe 27. Siku kumi na sita. Nimeziandika kwenye shajara ili tujue mwendo wake, usije ukadhani nimenyamaza kumbe ni posta iliyolala.

Tangi la maji la juu ya paa linavuja tena. Jirani wetu wa chini, Mzee Malalamiko, anasema kosa ni langu kwa kuwa mimi ndiye ninayeshika daftari la wakazi wa jengo. Nikamwambia daftari lina majina ya watu, si ya mabomba. Dukani kazi zipo. Juzi nilisaga lenzi za miwani ya mwalimu mmoja ambaye kumbe kwa miaka sita amekuwa akisahihisha mitihani bila kuona vizuri. Niliwaonea huruma wanafunzi wake, hasa waliofaulu.

Mkeo ni mzima. Asubuhi anakwenda kwenye karakana ya kujalidi vitabu, jioni anarudi na gundi vidoleni, anakula, anaosha vyombo, hata visivyo vyake. Umeuliza kama tunazungumza. Tunazungumza. Jana alisema mvua itanyesha, nami nikasema huenda.

Sasa jambo lenyewe. Karatasi ulizotaka za kumwombea kibali cha kuishi huko nimezituma leo kwa rejista: cheti cha ndoa, hati ya kuzaliwa, cheti cha polisi na picha nne. Ulitaja pia nakala ya daftari la wakazi. Hiyo sikuiweka. Mtu akishaonyesha cheti cha ndoa, daftari la nini tena?

Kula vizuri. Usipande juu ya lifti bila mkanda.

Dada yako

*

30 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole kwa goti. Mimi sijambo. Kampuni imenipa chumba ghorofa ya saba kwenye jengo ambalo lifti yake ni mbovu, na fundi wa lifti ni mimi. Majirani wakinikuta kwenye ngazi wananitazama kama daktari anayekohoa. Nimewaambia kipuri kimeagizwa. Wamesema hata fundi aliyepita aliwaambia hivyo.

Chumba kina dirisha moja, kitanda, meza, na viti viwili. Sijui kwa nini walinipa viti viwili. Kimoja nimewekea koti.

Karatasi zimefika, ahsante. Kila moja ina kibanio na namba. Dada, ofisi ya uhamiaji wangekuajiri. Nilizipeleka dirisha namba tisa. Mama mmoja mwenye nywele fupi alizipitia zote, akakigonga cheti cha ndoa kwa kidole, akasema, "Hii ni karatasi ya siku moja. Mimi nataka karatasi ya miaka mitatu." Anasema watu huoana ofisini asubuhi na mchana hawajuani. Kwa hiyo anataka nakala ya daftari la wakazi, ionyeshe kwamba tuliishi kwako kama mke na mume. Kwako ni kazi ya dakika tano: safu ya nne, pale penye uhusiano na mwenye nyumba. Karani wa manispaa anagonga mhuri, basi.

Fanya haraka kidogo, dada. Karakana anayofanya kazi mke wangu inafungwa tarehe 30 Septemba, na kibali chake cha kuishi hapo nyumbani kimeshikwa na kazi hiyo. Kazi ikiisha, nacho kimeisha. Itabidi arudi nchini kwao, na kwao hakuna mtu tena, wewe unajua. Hajakwambia? Aliniambia usisumbuliwe.

Mdogo wako

*

9 Mei

Mdogo wangu,

Nakusalimu. Barua yako niliipata tarehe 16 Aprili. Najua leo ni tarehe 9 Mei. Usihesabu.

Tangi limezibwa. Sasa linavuja upande wa pili. Dukani tumepata mashine mpya ya kusaga, ina sauti ya mbu, na tajiri ametukataza kuigusa mpaka aisome. Ni wiki ya tatu anaisoma.

Nilimuuliza mkeo habari za karakana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na goti, dada."

"Goti na karakana vinahusiana nini?"

"Shida moja kwa wakati mmoja," akasema, akaendelea kukunja nguo. Zilikuwa nguo zangu. Sikumwomba azikunje.

Kuhusu daftari, kwa sasa liko manispaa linakaguliwa. Ila sikukaa bure. Nimezunguka jengo zima na nakutumia barua tisa za majirani, zote zina tarehe na sahihi. Ya Mzee Malalamiko ndiyo ndefu kuliko zote. Ameandika: "Nathibitisha kwamba walikuwa wawili, kwa kuwa miguu minne ilitembea juu ya kichwa changu kwa muda wa miaka mitatu." Mpe yule mama wa dirisha la tisa. Nadhani zitatosha.

Vaa soksi.

Dada yako

*

6 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Mimi mzima. Kipuri kimekuja, lifti inapanda vizuri. Kushuka bado.

Barua za majirani niliziwasilisha. Mama wa dirisha la tisa alicheka kwa ile ya Mzee Malalamiko, nikadhani tumepona. Kisha akafungua faili akatoa karatasi. Kumbe walipoona daftari linachelewa waliiandikia manispaa wenyewe, na manispaa wakawatumia nakala wanayobaki nayo kila Desemba.

"Soma safu ya nne," akaniambia.

Nikasoma. Kwenye jina langu: *ndugu*. Kwenye jina la mke wangu: *mpangaji, chumba cha nyuma*. Mwaka wa kwanza, wa pili, na wa tatu.

"Huyu ni mkeo au ni mtu aliyepanga chumba kwa dada yako?"

"Ni mke wangu."

"Basi dada yako hajui?"

Nikasema kuna makosa. Akasema makosa huwa mara moja, hii ni mara tatu. Hakuwa mkali, dada. Ningependa angekuwa mkali. Amenipa hadi tarehe 31 Agosti kuleta maelezo ya kisheria. Ikipita, ombi linafungwa, na la pili haliruhusiwi kabla ya mwaka kwisha.

Mahali pale kwenye nakala pamefifia kidogo, mwandiko siutambui. Huenda ni karani fulani wa zamani alijaza. Wewe una watu wengi wa kuandika, wapangaji wanaingia na kutoka, kosa linaweza kupita kwa yeyote. Tafadhali ulizia.

Mke wangu sijamwambia. Jumapili iliyopita alinisimulia kwa simu kwamba ameanza kutenga sahani zake mbili za kuja nazo. Nikamwambia ni vizuri.

Mdogo wako

*

26 Juni

Mdogo wangu,

Nimepata barua yako tarehe 22. Leo sina habari za tangi.

Unasema mwandiko huutambui. Wewe niliyekushika mkono huu huu nikakufundisha herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, mezani jikoni, ulipokuwa na miaka mitano na mama hayupo. Ahsante kwa kunisitiri, lakini usinisitiri. Niliandika mimi. Hakuna karani wa zamani. Na daftari halikuwa manispaa nilipokuandikia mwezi wa tano, lilikuwa kabatini, chini ya mashuka.

Nakunakilia shajara ya siku mliyokuja, neno kwa neno:

*"Jumanne. Nimetoka kazini saa kumi na moja. Mdogo wangu yuko mlangoni, amerudi kutoka mafunzoni, ana masanduku mawili, moja silijui. Nyuma yake mwanamke. Akasema: Dada, huyu ni mke wangu. Wamefunga ndoa hukohuko, miezi miwili iliyopita. Nikasema karibuni. Nikaweka maji ya chai. Hakuna aliyeniuliza. Miezi miwili nimekuwa nikimwandikia barua, nikimweleza bei ya viatu, na yeye ana mke."*

Kesho yake nilifungua daftari. Kwenye jina lako nikaandika ndugu. Kwenye lake kalamu ikanigomea. Nikachukua penseli. Nilijiambia ni kwa sasa tu, hasira ikishuka nitafuta. Hasira haikushuka upesi, na Desemba mhuri ukagongwa juu ya ukurasa. Ukurasa wenye mhuri haufutwi, hiyo ni sheria, na mimi ndiye ninayewaambia wengine. Januari daftari huandikwa upya, ningeweza kurekebisha. Nikanakili kama ilivyo. Januari iliyofuata vilevile. Wakati huo sikuwa tena na hasira. Nilikuwa na aibu, kwa sababu kurekebisha kungekuwa kukiri kwamba niliandika.

Jumatatu nakwenda kwa karani wa manispaa kula kiapo. Mkeo sijamwambia. Sijui nitaanzia wapi. Miaka mitatu anaosha vyombo vyangu.

Dada yako

*

13 Julai

Dada,

Shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya lifti, kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Nilivaa mkanda.

Nikiri na mimi. Sikukwambia habari za ndoa kwa sababu nilijua ungesema ngoja, na ungekuwa na sababu saba, zote nzuri, na ningengoja. Nikaona heri unikasirikie nikiwa nimeshaoa. Nilidhani hasira yako itaniangukia mimi. Sikujua itamwangukia yeye.

Mwambie wewe mwenyewe, tafadhali. Kwa simu mimi nitaharibu.

Hadi 31 Agosti, dada. Barua za rejista sasa zinafika kwa siku kumi na nne, nimezihesabu kama ulivyonifundisha.

Mdogo wako

*

22 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Barua hii inakuja na bahasha kubwa. Usiifungue, ina lakiri. Ipeleke dirisha la tisa kama ilivyo.

Nikueleze kwa mpangilio.

Karani wa manispaa ni kijana mwenye tai fupi. Alisikiliza kiapo changu mpaka mwisho, akaweka kalamu chini. "Mama, kiapo peke yake ni maneno. Mtu aliyeandika uongo miaka mitatu akija kuapa leo, nani atamwamini? Huna chochote ulichokiandika wakati uleule, chenye tarehe?"

Nikasema nina shajara.

"Nani mwingine ameisoma?"

"Hakuna."

"Basi hiyo ndiyo nzuri."

Kesho yake nilimpelekea. Alifungua popote tu, akaanza kusoma kwa sauti huku akicheka. *"Wameomba mashuka ya kitanda kikubwa. Nimewapa yale yenye kiraka." "Amemnyoa mdogo wangu nywele jikoni. Wamecheka sana. Nywele nimefagia mimi." "Wanagombana kuhusu dirisha: mke anataka wazi, mume anataka limefungwa. Mwishowe limebaki nusu. Mimi ndiye ninayepata baridi." "Mume ana homa. Mke hajaenda kazini siku mbili, wala hajanipa nafasi hata ya kumpelekea uji."*

Karani akafuta macho. "Mama, ungewasifu ningekutilia shaka. Lakini mtu anayewanung'unikia watu kiasi hiki, na kila siku anaandika mke na mume, huyo hasemi uongo." Akachagua kurasa kumi na moja. Kisha akasema lile nililoliogopa: kabla ya kugonga mhuri, mhusika lazima azisome na kutia sahihi chini ya kila moja.

Jumamosi asubuhi nikaziweka mbele ya mkeo, mezani jikoni. Nikamweleza yote, daftari, safu ya nne, barua zako. Nikasimama karibu na jiko nikijifanya natafuta kibiriti.

Alisoma kwa kidole, polepole. Kwenye mashuka aliinua kichwa.

"Kumbe kiraka kilikuwa cha makusudi?"

"Kilikuwa cha makusudi."

"Mimi nilidhani ndivyo mashuka ya huku yalivyo. Nilimwandikia rafiki yangu hivyo!"

Akacheka peke yake. Akatia sahihi, akafungua ukurasa mwingine. Ukurasa wa tisa ndio wenye maneno haya: *"Amekuja kuninyang'anya mtu wa mwisho niliyekuwa naye."* Hapo kidole kilisimama. Maji yalichemka, nikayaacha yachemke. Mwisho akatia sahihi pia, kwa uangalifu kuliko kote, kama anaandika kwenye kitambaa.

"Sasa unanijua nilivyo," nikamwambia.

"Safu ya nne ninaijua tangu mwaka jana, dada."

Nikabaki nimeshika kibiriti.

"Ulinipa madaftari matatu niyajalidi pamoja, umesahau? Kabla ya kushona lazima nihesabu kurasa. Nikaliona jina langu. Siku ile sikula."

"Na hukusema! Wala kwa mumeo!"

"Ningesema, mngegombana. Tena nikatazama vizuri. Jengo zima umeliandika kwa wino. Mimi peke yangu kwa penseli, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikasema moyoni, dada wa mume wangu hufunga hata vifuniko vya mitungi kwa mpangilio. Mtu kama huyo haandiki kwa penseli bila sababu. Bado anafikiri. Nitangoja."

Nilimimina chai, na kwa mara ya kwanza nilimimina ya kwake kwanza. Aliona. Alichosema ni kwamba mvua itanyesha.

Bahasha imegongwa mhuri tarehe 21. Ukiipata, niandikie siku hiyohiyo.

Dada yako

*

25 Agosti

Dada,

Shikamoo. Bahasha ilifika tarehe 5, siku kumi na nne kamili, nikaipeleka kesho yake.

Leo nimeitwa. Mama wa dirisha la tisa alikuwa na tafsiri ya kurasa zako zote mbele yake, na aliniuliza swali moja tu.

"Dirisha. Nani alishinda?"

"Lilibaki nusu."

Akagonga mhuri. Kibali kimetoka, dada. Miaka miwili, na kinaweza kuongezwa. Ataingia kabla ya tarehe 30 Septemba. Nilipotoka nilitaka kukimbia, nikakumbuka nina buti za kazi, nikatembea haraka.

Akasema pia nikupe salamu. "Mwambie dada yako kwamba sijawahi kusoma faili nikitamani liendelee."

Koti nimelitoa kwenye kiti cha pili. Lifti sasa inapanda na kushuka.

Dada, utabaki na nani?

Mdogo wako

*

24 Septemba

Mdogo wangu,

Barua hii haitapita posta. Wifi yangu anaibeba mwenyewe, kwenye mfuko wa ndani, pamoja na kibali. Ana masanduku mawili, na safari hii yote nayajua. Sahani zake mbili nimezifunga ndani ya mashuka. Ndiyo, yaleyale. Ameyataka yeye.

Umeuliza nitabaki na nani. Nina duka. Tajiri amemaliza kusoma mashine. Tangi linavuja. Mzee Malalamiko amepanda jana akiwa na kiti chake, akasema miguu minne ilimzoesha vibaya na sasa miwili tu itamkosesha usingizi. Alikaa saa nzima akilalamika. Nikampa chai.

Wiki iliyopita nilimtengenezea wifi miwani. Miaka yote hii anashona vitabu huku amekunja uso, nami fundi wa miwani nakaa naye meza moja, sikuona. Ili kukata lenzi lazima upime umbali wa macho mawili, na ili kupima lazima umtazame mtu machoni, karibu sana, bila kupepesa. Milimita sitini na moja. Nilipima mara tatu. Mara moja ingetosha.

Jana karani alinikabidhi daftari jipya la wakazi, la mwaka huu, lililochelewa. Yale matatu amesema yabaki kabatini kwake, yasichezewe tena. Nimeandika jina la wifi mstari wa pili, baada ya langu. Safu ya nne, nimeandika kwa wino: *wifi, mke wa ndugu yangu*. Nimeuacha ukauke, nikaugusa kwa kidole, hautoki.

Kisha ikanibidi nijaze safu ya sita, tarehe ya kuhama. Sheria ni sheria, mtu akiondoka lazima iandikwe. Kwa hiyo nimeandika: 25 Septemba.

Hiyo nimeiandika kwa penseli.

Dada yenu